Maji ya Bura Yameenda Wapi?

Wasee, tuanze na kitu kinachoudhi. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba kwenu ni Bura, atakujibu mara moja: "Aah, kule Tana River, kwa ile skimu ya kunyunyizia mashamba!" Hapana bana. Hiyo ni Bura nyingine, kaunti nyingine, mto mwingine kabisa. Bura ninayoizungumzia iko Taita Taveta, kwenye barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Mwatate. Ina misheni ya zamani, ina stesheni ya reli ambayo wengi mnaipita bila hata kugeuza shingo, na ina mto wenye jina hilo hilo.

Mto wenyewe ni mdogo. Ukiukuta kiangazi huku chini tambarare, unaweza kuuvuka na raba zako zikabaki kavu. Hauulizwi kwenye mtihani, hauna daraja la kupigia selfi, na sijawahi kuona mtu akiupostia kitu. Lakini ukiufuata kutoka mlimani hadi nyikani, na kutoka miaka ya 1840 hadi leo, utaiona historia ya Taita karibu yote ikipita kwenye hicho kijito. Na kila kipindi kinaleta swali lile lile: maji yanatoka kwetu, yanaenda wapi, na nani aliamua yaende huko?

Ramani kwanza

Jiografia kidogo, msikimbie.

Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya ule mlolongo unaoitwa Milima ya Tao la Mashariki. Wenzake wako Tanzania: Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa na wengine. Kwa upande wa Kenya ni sisi tu. Kilele cha Vuria kinafika mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na Voi mjini ni kama mita 600 hivi. Yaani unapanda matatu ukiwa unatokwa jasho, unashuka juu ukitafuta sweta.

Tofauti hiyo ya urefu ndiyo inayozaa mito. Upepo unatoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu, unapita juu ya nyika yote ile bila kuacha kitu cha maana, halafu unagonga milima. Hapo unalazimika kupanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua. Misitu ya asili ya huko juu, ile michache iliyobaki kama Ngangao, Chawia na Mbololo, inaukamata hata ule ukungu. Majani yanalowa, matone yanadondoka, ardhi inakunywa polepole, na baadaye maji yanatokea chini kama chemchemi. Ndiyo maana mvua ikikatika, kijito hakikauki siku hiyo hiyo. Msitu ni tangi letu, isipokuwa hili halina mfuniko wala mita.

Mto Bura unakusanya maji yake upande wa kusini-magharibi wa milima hii. Huko juu ni vijito vinavyoteremka kwa haraka kwenye mawe. Vinashuka hadi bonde la Bura, penye misheni na mashamba, halafu mlima unaisha na mto unajikuta nyikani. Hapo tabia yake inabadilika. Mteremko umepungua, jua limeongezeka, na udongo una kiu kuliko wewe. Mto unashuka kuelekea upande wa reli na barabara, unaingia kwenye hifadhi ya Taita Hills, ile yenye hoteli ya Salt Lick iliyosimama kwenye miguu mirefu, na kadiri unavyosonga ndivyo unavyopungua. Kiangazi kikikaza, utakachoona huko chini ni njia ya mchanga na mstari wa miti ya kijani inayokuonyesha kwamba maji bado yapo, ila yamejificha.

Msiudharau kwa hilo. Mito ya nyika ndivyo ilivyo. Ewaso Ng'iro ya kaskazini, pamoja na kupokea maji ya Mlima Kenya, kwa kawaida inaishia kwenye kinamasi cha Lorian. Okavango ni mto mkubwa kweli kweli, na bado unamezwa na mchanga wa Kalahari kule Botswana. Jirani yetu Mto Voi unatoka milima hii hii, unapita Voi mjini, unaingia Tsavo Mashariki, unafika Bwawa la Aruba lililojengwa 1952, na mvua ikiwa kubwa unaendelea kuelekea Pwani. Lakini nao, sehemu kubwa ya mwaka, ukiuangalia kutoka darajani utafikiri ni barabara ya mchanga.

Kwa hivyo shika picha hii kichwani: juu kuna maji, chini kuna kiu, na Bura iko pale hizo mbili zinapokutana. Yote yanayofuata yanatoka hapo.

Kabla ya reli, watu walifuata maji

Leo ukitoka Mombasa kwenda Taveta unafuata lami. Karne ya 19 ulikuwa unafuata maji, maana bila maji ulikuwa unakufa, mchezo umeisha.

Misafara ya biashara ilitoka Pwani na vitambaa, shanga na nyaya, ikarudi na pembe za ndovu, na mingine ikarudi na watu waliofanywa watumwa. Ukishaiacha Rabai, mbele yako kulikuwa na nyika ya Taru, miiba na jua. Ulikuwa unavuka kwa kurukia kituo kimoja cha maji hadi kingine: Taru, Maungu, Ndara kwenye mlima wa Sagalla, Mwatate, Bura. Baada ya Bura kulikuwa na kipande kingine kirefu kikavu hadi Ziwa Jipe na Mto Lumi kule Taveta. Kutoka Voi hadi Taveta kwa barabara ya leo ni zaidi ya kilomita 100. Hebu waza kuzitembea na mzigo kichwani. Kwa msafara, Bura haikuwa mahali pa kupita tu. Ilikuwa mahali pa kujaza vibuyu na kununua chakula, maana mbele hujui.

Ndiyo njia aliyopita Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Rabai, mwaka 1848. Wengi mnamjua kutoka kwenye kitabu cha historia kama mtu "aliyegundua" Kilimanjaro. Alitoka Rabai mwishoni mwa Aprili na kikundi kidogo cha watu, akiwa na mwavuli badala ya bunduki, akaivuka milima ya Bura, na tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima kule mbele. Alipoandika kwamba ni theluji, wasomi wa London walimcheka. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alibishana naye kwa miaka, na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga huku.

Lakini kuna jina ambalo kitabu cha shule hakilitaji: Bwana Kheri. Huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, mtu wa Pwani aliyeijua njia. Rebmann alikuwa na mwavuli na daftari. Bwana Kheri alikuwa na kitu muhimu zaidi: alijua maji yako wapi. Theluji "iligunduliwa" na mtu aliyeongozwa kutoka kisima hadi kisima na wenyeji wa njia hiyo.

Na maji ya Bura yalikuwa na wenyewe. Hapa nataka msome polepole, kwa sababu ndipo watu wengi hudhani historia yetu ilikuwa tupu. Wataita walikuwa wanachimba mifereji ya kunyunyizia mashamba kwenye mabonde ya milima hii kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kufika. Unaziba kijito kidogo kwa mawe na udongo, unachonga mfereji ukifuata ubavu wa mlima, maji yanatembea yenyewe hadi shambani bila pampu. Kazi ya kuchonga ilikuwa ngumu, hivyo haki ya maji ilifungamana na ukoo wa waliochimba, na kutumia kulikwenda kwa zamu. Leo mfereji ni wako, kesho ni wa jirani. Ukifungulia maji siku isiyo yako, umejiletea kesi kwa wazee. Na ukikosekana siku ya kuzibua mfereji, usishangae ukinyimwa zamu.

Kuna misitu pia iliyokuwa haiguswi, inayoitwa fighi. Ilikuwa mitakatifu, na iliaminika inalinda jamii. Mtu hakuingia tu na panga akate mti kwa sababu anataka kuni. Uite imani, uite mila, uite unavyotaka. Matokeo yake ni kwamba miti ilibaki imesimama mahali ambapo mto unahitaji miti isimame.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa peponi. Katikati ya miaka ya 1880, njaa ambayo Wataita waliiita Mwakisenge iliua watu wengi. Mvua ikigoma, hata mfereji hausaidii sana. Ila uamuzi kuhusu maji ulikuwa unafanywa na watu ambao wangekufa wao wenyewe kama wangeamua vibaya. Hilo ndilo lililobadilika.

Misheni, halafu reli inapita mbali

Mwaka 1892 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kikatoliki Bura. Ni mojawapo ya misheni kongwe zaidi za Kikatoliki katika bara la Kenya. Nairobi wakati huo haikuwepo. Si kwamba ilikuwa ndogo. Haikuwepo. Mahali ilipo leo palikuwa tambarare na maji baridi. Bura tayari ilikuwa na kanisa, na baadaye shule.

Kwa nini Bura? Angalia ramani niliyokupa hapo juu. Njia ya misafara inapita, maji yapo, hewa ya mlima iko karibu. Mgeni yeyote mwenye akili angeweka hema hapo.

Halafu likaja treni. Kufikia mwaka 1898, mwaka ule ule wa simba wala watu wa Tsavo, Reli ya Uganda ilikuwa imeshafika Voi na kuendelea mbele. Reli haikupanda kuja Bura, ilipita chini. Ghafla, mzigo uliokuwa unatembea kwa miguu kutoka kisima hadi kisima ukawa unapita ndani ya behewa. Voi ikakua ikawa mji. Bura ikabaki pembeni na mto wake.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema tu kwamba dunia ilibadilisha njia. Lakini miaka 16 baadaye, dunia ilirudi Bura ikiwa na mizinga.

1915: maji yanapanda bomba

Vita vya Kwanza vya Dunia wengi tunavijua kama mambo ya mahandaki ya Ufaransa. Lakini mpaka wa Kenya na Tanzania ya leo ulikuwa mpaka wa Waingereza na Wajerumani, na Taveta iko hapo hapo mpakani. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Kutoka hapo vikosi vyao vidogo vilikuwa vinavuka nyika usiku kwenda kulipua Reli ya Uganda.

Waingereza walitaka kuwarudisha nyuma. Shida haikuwa askari peke yake. Askari walikuwepo, wengi wameletwa kutoka India, baadaye na Afrika Kusini. Shida ilikuwa nyika ile ile iliyowasumbua wenye misafara. Huwezi kupeleka maelfu ya watu, farasi, nyumbu na injini za mvuke mahali pasipo na maji. Bwana Kheri angewaambia hivyo bure.

Kwa hivyo mwaka 1915 walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta kupitia Mwatate, Bura na Maktau. Ndiyo ile stesheni niliyokuambia mnaipita. Ni reli ya vita, ilitandikwa haraka haraka ili kubeba risasi na biskuti. Pamoja na reli wakalaza bomba. Maji ya milima ya Bura yakachukuliwa na kupelekwa Maktau, kambi kubwa iliyokuwa imejaa askari kwenye nyika kavu, na baadaye bomba likasogezwa mbele kuelekea Mbuyuni kadiri jeshi lilivyosogea.

Hebu simama hapo kidogo. Kwa mara ya kwanza, maji ya Bura yaliiacha njia yake. Hayakufuata mteremko wa mto, yalifuata mahitaji ya jeshi.

Vita vyenyewe vilikuwa vibaya. Julai 1915 Waingereza walishindwa Mbuyuni. Septemba mwaka huo, karibu na Maktau, Luteni Wilbur Dartnell alikataa kuwaacha majeruhi wake akauawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza, na kaburi lake liko Voi. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakidhani ni kazi ya asubuhi moja, wakarudishwa mbio. Mwezi Machi, jeshi kubwa chini ya Jenerali Smuts likavuka hatimaye na kuichukua Taveta, na reli ikaendelea hadi kuungana na ile ya Wajerumani upande wa Moshi.

Wale askari wana makaburi yenye majina, Voi, Maktau na Taveta. Wapagazi, yaani Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo, walikufa kwa makumi ya maelfu katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, wengi kwa magonjwa na njaa, na walio wengi hawana hata jiwe. Na watu wa Kasigau, Wataita wenzetu wa mlima ule wa kusini-mashariki, walituhumiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa wote kwa nguvu hadi Malindi, na ilichukua miaka mingi kabla ya kurudi. Maji yalihamishwa, watu wakahamishwa. Ofisi iliyoamua ilikuwa moja.

Mkonge, ndovu na bomba la Mombasa

Vita viliisha, tabia ikabaki. Nyanda zilizo chini ya milima ziligawiwa mashamba makubwa ya mkonge, Mwatate na kwingineko. Kule Taveta, Ewart Grogan, yule mzungu maarufu aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, alichimba mfereji kutoka chemchemi za Njoro Kubwa kumwagilia shamba lake. Ona: mfereji ni teknolojia ile ile ya wazee wetu, ila sasa maji yanaenda kwa mwenye hati.

Wataita hawakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 walianzisha chama kilichoitwa Taita Hills Association kupinga kunyang'anywa ardhi na kulazimishwa kupunguza mifugo. Mmoja wa viongozi wake, Woresha Mengo, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni mwaka 1940. Jina hilo lilipaswa kuwa kwenye ukuta wa kila shule ya kaunti hii.

Mwaka 1948 ikaanzishwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo. Leo Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wanagawana kilichobaki na mashamba makubwa, ranchi na milima. Katika miaka ya 1970, kwenye nyanda za chini ya Bura, ardhi iliyokuwa ya mkonge ikageuzwa kuwa hifadhi ya Taita Hills, na kampuni ya Hilton ikaendesha hoteli hapo. Kwa hivyo Mto Bura unaanza kwenye mashamba ya wakulima wadogo na unamalizikia kwenye picha za watalii. Ndovu nao wanaijua ramani kuliko sisi. Kiangazi wanaufuata mto kurudi juu, wanakuta mahindi, na asubuhi mkulima anakuta majani yamelala chini.

Kisha kuna Mzima. Hii si maji ya Bura, ni chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, na maji yake yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Chyulu. Naileta kwa sababu ni hadithi ya bomba la 1915 ikirudiwa kwa ukubwa. Mwaka 1957 lilikamilika bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka Mzima hadi Mombasa. Linapita nyika yetu, linapita karibu na Voi, linateremka Pwani. Watu wa kaunti hii wamekuwa wakilalamika tangu zamani kwamba maji yanapita chini ya miguu yao huku wao wamebeba mitungi ya manjano.

Kilio hiki si cha Taita pekee. Mwaka 1913, Los Angeles huko Marekani ilifungua mfereji mkubwa wa kuleta maji kutoka bonde la Owens, zaidi ya kilomita 300. Mji ukashamiri. Ziwa Owens likakauka katika miaka iliyofuata, na likabaki vumbi la chumvi linalopeperuka. Wakulima wa huko walikasirika hadi wakalipua mfereji kwa baruti. Miaka michache baada ya Waingereza kulaza bomba la Bura, Marekani nao walikuwa wanajifunza kwamba maji yakishaingia kwenye bomba, kuyarudisha ni kazi.

"Lakini maji ni ya Wakenya wote"

Najua kuna mtu tayari anaandaa hoja hiyo, na ni hoja nzuri. Mombasa ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2 kwenye sensa ya 2019. Wakunywe nini, chumvi? Na sehemu kubwa ya vijana wa Taita wanaishi huko huko Mombasa, wanafungua bomba asubuhi na kuoga maji ya Mzima. Sitaki mtu afungiwe maji.

Ninachokataa ni utaratibu. Rudi kwa wazee wa mfereji. Kanuni yao ilikuwa rahisi: anayetumia maji anashiriki kuyatunza, na anayekaa kwenye chanzo hapitwi. Mwenye shamba la mwisho alikuwa na zamu yake, ila naye alipaswa kuja na jembe siku ya kuzibua. Tangu 1915 tumekuwa na kanuni tofauti: anayetumia maji yuko mbali, na anayekaa kwenye chanzo anaambiwa atunze msitu bure.

Na huo msitu wenyewe tumeuchezea, wacha tuseme ukweli wetu. Wakoloni walipanda misonobari na mikaratusi, serikali zilizofuata zikaendelea, na sisi wenyewe tukakata tulichokuta ili tupate shamba. Msitu wa asili uliobaki Taita ni vipande vidogo vidogo. Ndani yake kuna ndege ambao hawapatikani kwingine kokote duniani, kama Taita apalis. Mkaratusi unakua haraka na unaleta pesa ya nguzo, sawa. Lakini ukiupanda ukingoni mwa kijito ni kama kumwajiri mtu anywe maji yako kila siku. Huwezi kulaumu bomba la 1915 na huku unakata mti wa chemchemi ya 2025.

Sheria ya sasa inatupa mahali pa kushika. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo si lazima usubiri mtu wa Nairobi. Na Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji, yaani watu wa mto mmoja wanaokaa pamoja kuamua jinsi ya kuutunza na kuugawana. Ukiisoma vizuri ni ule ule mfereji wa wazee, sasa umepigwa muhuri.

Shida ni kwamba nenda kwenye mkutano wa chama kama hicho uhesabu vijana. Tunajua kikosi cha Arsenal hadi mchezaji wa akiba, lakini ukiulizwa kijito kinachopita nyuma ya shule uliyosoma kinaanzia wapi, unaangalia dari. Mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitishwa, wanaojaa ni wazee na watu wa kutafuta soda. Halafu tanki la mradi likijengwa mahali pabaya, sisi ndio wa kwanza kutengeneza meme.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo, na unaweza kulianza hata likizo hii. Kama una nyanya au babu Bura, Mwatate, Wundanyi au Mgange, mwombe akuonyeshe mfereji wa ukoo wenu ulipopita. Mwulize nani alikuwa na zamu siku gani, kijito kilifika wapi kiangazi alipokuwa mdogo, na msitu uliishia wapi. Rekodi na simu yako. Andika majina ya vijito, maana mengi hayapo kwenye Google Maps, na mzee akiondoka yanaondoka naye. Ukimaliza, tafuta mkutano wa maji ulio karibu nawe ukae mbele, sio nyuma karibu na mlango.

Jeshi la Waingereza lilijua thamani ya Mto Bura kiasi cha kulilazia bomba nyikani katikati ya vita. Hifadhi inaijua. Ndovu wanaijua. Itakuwa aibu kubwa kama watu wa mwisho kuijua tutakuwa sisi tuliozaliwa juu yake.